RAFU YA KISWAHILI NA HAKI YA MSOMAJI KUULIZA

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Kamati ya Elimu mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Najua kwamba hesabu za Chama zingali zinangoja kusomwa, na kwamba wengi wenu mmetoka mbali na mtapenda kurudi makwenu kabla ya jua kuchwa. Kwa hiyo sitawachosha. Lakini jambo nililotumwa kulieleza linahusu hoja ambayo itapigiwa kura baada ya chakula, na si vema mtu kuinua mkono juu ya jambo asilolijua mwanzo wake wala mwisho wake.

Hoja yenyewe mmekwisha kuisikia. Yasema kwamba Chama kiidai maktaba ya mji wetu irudishe vitabu vyote vya Kiswahili ambavyo wanachama walivitoa kuwa zawadi katika miaka iliyopita, navyo viwekwe katika ukumbi wetu huu. Sababu iliyotolewa ni kwamba maktaba imeiondoa rafu ya Kiswahili na kuvitawanya vitabu vyake, hata mwenye kuvitafuta havioni. Baadhi ya vitabu hivyo vina majina ya wenzetu waliokwisha kufariki, yaliyoandikwa kwa wino katika ukurasa wa kwanza. Basi sishangai kwamba maneno yaliyosemwa hapa katika mkutano wa robo mwaka yalikuwa makali.

Nitasema mambo manne: kwanza, yaliyotokea, pili, namna vitabu vinavyopangwa maktabani na asili ya mpango huo, tatu, yaliyowapata wasomaji wa mahali pengine walipouliza maswali kama yetu, na nne, shauri la Kamati.

YALIYOTOKEA

Kwa miaka mingi, mtu aliyeingia katika maktaba yetu aliona mkono wa kulia rafu mbili ndefu, na juu yake ubao ulioandikwa VITABU VYA KISWAHILI. Hapo palikuwa na kila kitabu cha lugha hiyo. Diwani za mashairi zilikaa bega kwa bega na kitabu cha kufuga kuku. Kamusi ilikuwa karibu na hadithi za watoto. Msomaji wa Kiswahili hakuwa na haja ya kumwuliza mtu njia. Aliingia, akageuka kulia, akafika.

Mwaka huu maktaba ilifungwa majuma mawili. Ilipofunguliwa ubao ule haukuwapo tena. Vitabu vilikuwa vimepewa namba na kuchanganywa na vitabu vya Kiingereza, kila kimoja kwa jambo kinalolizungumza. Hapakuwa na tangazo mlangoni wala ndani.

Kamati ilipokea habari kutoka kwa watu watatu, nami naona ni haki muzisikie zote.

Wa kwanza ni mzee mmoja miongoni mwetu, ambaye ilikuwa desturi yake kila Jumamosi kwenda kusoma mashairi na vitabu vya methali. Alipouliza rafu imekwenda wapi, alionyeshwa kompyuta akaambiwa atafute humo. Mzee huyo ni msomaji hodari kuliko wengi wetu tuliokaa viti vya mbele, lakini mashine ile hakuizoea. Aliaga kwa adabu akaenda zake, na tangu siku hiyo hajarudi.

Wa pili ni mama mmoja wa kikundi cha ushonaji. Yeye alikuwa akikijua kitabu chake kwa rangi ya jalada na mahali kilipokaa. Alikitafuta asubuhi nzima, akakipata mwishowe kati ya vitabu vya Kiingereza vya kazi za nyumbani. Alisema maneno ambayo Kamati iliyaandika: kwamba alijiona kama mgeni katika nyumba aliyoizoea.

Wa tatu hakulalamika. Ni kijana afugaye nyuki. Yeye alikuwa akisoma vitabu vya Kiingereza juu ya nyuki, na hakupata kwenda kwenye rafu ya Kiswahili kwa kuwa alidhani imejaa hadithi na mashairi tu. Baada ya mabadiliko, alikuta kando ya kitabu alichokizoea kitabu cha Kiswahili juu ya kazi ile ile, akakiazima ampelekee baba yake. Yeye aliuliza kwa nini jambo hili halikufanywa zamani.

Ndugu zangu, kama tungewasikia wawili wa kwanza peke yao, hoja ingepita bila maneno. Lakini huyu wa tatu pia ni mtoto wetu.

ASILI YA MPANGO HUU

Tulipouliza, jibu la kwanza tulilopewa lilikuwa fupi: huu ndio utaratibu wa maktaba ulimwenguni. Jibu hili lina kweli ndani yake, lakini halitoshi. Kila utaratibu una mtu aliyeutunga, na aliyeutunga alikuwa na mahali alipokaa alipokuwa akiutazama ulimwengu.

Utaratibu huu ulitungwa na Mmarekani aitwaye Melvil Dewey, aliyekuwa akifanya kazi katika maktaba ya Chuo cha Amherst. Aliutoa mwaka 1876 katika kijitabu cha kurasa 44. Aliigawa elimu yote katika mafungu kumi, kuanzia 000 mpaka 900, na kila fungu akaligawa tena kwa kumi, na kila sehemu kwa kumi nyingine. Halafu ikatiwa nukta, na mgawanyo ukaendelea. Falsafa ni 100, dini 200, mambo ya jamii 300, lugha 400, sayansi 500, ufundi na kazi za mikono 600, sanaa 700, fasihi 800, historia na jiografia 900.

Faida yake ni kubwa, wala haifai kuidharau. Kabla ya hapo, maktaba nyingi ziliandika juu ya kitabu namba ya rafu kilipokaa. Rafu ikijaa, kazi yote ilianza upya. Namba za Dewey zilikaa juu ya kitabu chenyewe, si juu ya ubao. Kitabu kipya cha kilimo chaweza kuingizwa kati ya viwili vya zamani bila kuvunja kitu. Tena mtu aliyezijua namba hizo Nairobi anaweza kuingia maktaba ya Kisumu au ya London akakuta kilimo ni 630 vile vile.

Lakini sasa tazameni fungu la lugha. Kiingereza kilipewa 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440, Kiitalia 450, Kihispania 460, Kilatini 470, Kiyunani 480. Karibu lugha nyingine zote za ulimwengu, pamoja na Kiarabu, Kichina na lugha zote za Afrika, zikakusanywa katika 490. Lugha za Afrika zimo katika 496, na Kiswahili kimefika baada ya nukta: 496.392. Katika dini ni hivyo hivyo: karibu fungu lote la 200 ni la Ukristo, na dini nyingine zote ziliwekwa katika 290, Uislamu ukiwa 297. Mpwani wa Mombasa au Lamu, ambako misikiti ilijengwa karne nyingi kabla ya Dewey kuzaliwa, ana haki ya kuuliza kwa nini dini yake ni namba moja mwishoni mwa safu.

Na wapo waliouliza. Katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, palikuwa na mkutubi mwanamke mweusi, Dorothy Porter, aliyefanya kazi hapo kuanzia 1930 hadi 1973. Alikuta kwamba maktaba zilizofuata namba za Dewey zilikuwa na desturi ya kuvitia vitabu vya watu weusi katika namba mbili: 326, ambayo ni utumwa, na 325, ambayo ni ukoloni na uhamiaji. Mtu mweusi akiandika mashairi, mashairi yake yaliwekwa pamoja na mambo ya ukoloni! Bibi Porter aliukataa mpango huo. Mshairi alimweka kwa washairi, mwana-historia kwa wana-historia. Hakuchoma namba wala hakufunga mlango. Aliuliza swali moja tu, kitabu hiki kinazungumza nini, kisha akakipeleka kinapostahili.

Huyo Dewey mwenyewe, mwaka 2019, Chama cha Wakutubi cha Marekani kiliondoa jina lake katika medali kiliyokuwa kikitoa, kwa sababu ya ubaguzi wake juu ya Wayahudi na watu weusi na mwenendo wake mbaya kwa wanawake. Namba zake hata hivyo zingali zikitumika, nazo husahihishwa mara kwa mara. Tunaweza kukitumia chombo na kukirekebisha, bila kumwabudu fundi wake.

RAFU MOJA AU RAFU NYINGI

Sasa tuirudie rafu yetu. Tujiulize: je, ilikuwa njema kabisa kama tunavyoikumbuka?

Chukueni maandishi ya Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 akafariki 1962. Katika rafu ya zamani, vitabu vyake vyote vilikaa pamoja, na hiyo ilikuwa raha kwa msomaji wake. Kwa mpango wa namba, mashairi yake na Kusadikika vitakwenda kwenye fasihi, 896. Lakini Wasifu wa Siti Binti Saad, kwa kuwa ni habari za maisha ya mwimbaji, chaweza kwenda kwenye wasifu au kwenye muziki. Mpenzi wa Shaaban Robert atasikitika. Lakini kijana anayesoma habari za muziki atamkuta Siti binti Saad wa Unguja hapo hapo, pamoja na waimbaji wa ulimwengu, ambapo bila hivyo asingemkuta.

Chukueni tena Ngũgĩ wa Thiong'o. Alipoandika kwa Kiingereza Weep Not, Child, kilichotoka 1964, namba ilimpeleka katika 823, kwa waandishi wa hadithi za Kiingereza. Alipoandika kwa Kikuyu Caitaani Mutharaba-Ini, kilichotoka 1980, namba ilimpeleka 896. Mtu mmoja, kalamu moja, rafu mbili zilizo mbali. Hapa ni mpango wa namba wenyewe unaotenga kwa lugha, kwa kuwa katika fasihi Dewey hutazama lugha kwanza.

Na methali? Mzee wetu alizitafuta karibu na mashairi. Hazipo hapo. Methali na ngano ni 398, ndani ya mila na desturi za jamii. Kamusi ni 496, ushonaji 646, kilimo 630, historia ya Kenya 967.62. Kwa hiyo kundi la vitabu lililokaa katika rafu mbili sasa limeenea maktaba nzima.

Ubaya wa jambo hili tumeuona. Wema wake pia tuutaje kwa haki. Rafu ya lugha moja humwambia mpita njia kwamba lugha hiyo ni chumba cha pembeni, ni mahali pa hadithi na mashairi, na kwamba mwenye kutaka elimu ya kazi na aende kwenye Kiingereza. Kitabu cha Kiswahili cha ufugaji kikisimama kando ya ndugu yake wa Kiingereza, kinasema bila kelele kwamba Kiswahili nacho ni lugha ya elimu. Katiba yetu ya 2010 imekiita Kiswahili lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi haifungiwi katika rafu mbili.

Haya ni mambo mawili yenye kweli, na yanavutana. Anayesema moja tu ndilo kweli hajakaa maktabani vya kutosha.

WASOMAJI WA MAHALI PENGINE

Sisi si wa kwanza kuuliza. Mwaka 2007, katika mji wa Gilbert, jimbo la Arizona nchini Marekani, ilifunguliwa maktaba ya umma ambayo haikutumia namba za Dewey hata kidogo. Vitabu viliwekwa kwa mafungu yenye majina ya kawaida, kama katika duka la vitabu: mapishi, bustani, historia, na kadhalika. Wakuu wake walisema kwamba wasomaji wao wengi hawaji na jina la kitabu, bali huja kutazama. Wako waliosifu, wakisema sasa mtu hahitaji kujua hesabu ili apate kitabu. Wako waliouliza: mwenye kutaka kitabu kimoja mahsusi atakifikiaje? Maktaba ikikua mara kumi, jina la bustani peke yake litatosha? Mjadala huo haujesha hata leo, nao umewafaa, kwa maana maktaba nyingine zimechukua majina na kuyaandika pamoja na namba.

Kisa cha pili ni cha New York. Jengo kuu la maktaba ya umma ya mji ule lilifunguliwa 1911, na chini ya chumba chake kikubwa cha kusomea zilijengwa rafu za ghorofa saba. Wakuu walikuwa na mpango wa kuziondoa rafu hizo, kupeleka sehemu kubwa ya vitabu katika ghala nje ya mji, na mahali pake kujenga maktaba ya kuazimia. Mwaka 2012 wasomaji, waandishi na wanazuoni waliandika barua ya kupinga. Mwaka 2013 wengine walikwenda mahakamani. Na mwezi wa Mei 2014 mpango uliachwa. Zile rafu za zamani vitabu havikurudishwa. Lakini ghala iliyo chini ya bustani ya Bryant Park, mlango kwa mlango na jengo lile, iliongezwa ili mamilioni ya vitabu vikae karibu na msomaji. Basi wale waliouliza hawakupata yote, wala hawakutoka mikono mitupu. Na angalieni neno hili: hakuna hata mmoja aliyesema apewe vitabu aende navyo nyumbani kwake.

Nitaje na mtu wa tatu, S. R. Ranganathan, mkutubi wa Madras nchini India, ambaye mwaka 1931 alitoa kitabu cha kanuni tano za maktaba. Kwa maneno yangu mwenyewe, alifundisha kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake. Kwamba muda wa msomaji usipotezwe. Na kwamba maktaba ni kitu kiishicho, hukua na kubadilika. Kanuni hii ya mwisho ni dhidi yetu tunaotaka kila kitu kikae kama zamani. Ile ya muda wa msomaji ni dhidi ya maktaba iliyomwacha mama yetu akizunguka asubuhi nzima.

Mwaka ule ule wa 1931, jijini Nairobi ilifunguliwa Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan, jengo la fahari lenye nguzo mbele. Milango yake ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika hakuweza kuuliza juu ya mpangilio wa vitabu vyake, kwa kuwa hakuruhusiwa kuviona. Hali hiyo iliendelea mpaka 1958, na mwaka 1962 maktaba ikawa mikononi mwa baraza la jiji. Mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria ya kuunda bodi ya huduma za maktaba za taifa, na baada ya Katiba ya 2010 maktaba zimetajwa miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Nawakumbusha haya kwa sababu moja. Haki ya kuuliza kitabu kimekwenda wapi ni tunda la haki ya kuingia mlangoni, na haki hiyo ilichelewa. Aliyeichelewa sana asiitupe kwa siku moja ya hasira.

SHAURI LA KAMATI

Sasa naifikia hoja. Kamati yashauri, kwa heshima kwa mzee aliyeileta, kwamba hoja ya kudai vitabu virudishwe isipitishwe. Sababu ni hizi.

Kwanza, zawadi ikishatolewa ni ya aliyepewa. Wenzetu waliofariki hawakuvitoa vitabu vyao kwa Chama. Waliwapa wasomaji wa mji. Jina lililoandikwa kwa wino lasomwa na kila aazimaye, na kwa kuwa vitabu vimeenea maktaba nzima, huenda likasomwa na wengi zaidi kuliko zamani.

Pili, ukumbi huu hufunguliwa siku za mikutano na siku za matanga. Vitabu vikiletwa hapa vitakaa katika kabati, kabati litakuwa na kufuli, na ufunguo utakuwa kwa Mweka Hazina, ambaye Jumamosi yuko shambani kwake. Tunalalamika kwamba mzee alipata taabu kupata kitabu chake. Kabati lenye kufuli ni mpangilio mbaya kuliko wote.

Tatu, watoto wa wasio wanachama watakosa. Sikumbuki kwamba Chama hiki kiliundwa kwa ajili hiyo.

Lakini Kamati haisemi tunyamaze. Tulikwenda wajumbe wanne kumwona Bibi Mkutubi, naye alitupokea vema. Alieleza kwamba rafu ya Kiswahili ilikuwa imejaa, hata vitabu vipya vilikuwa vingali katika masanduku, na kwamba wanafunzi walikuwa wakiondoka bila kujua kuna kitabu cha Kiswahili juu ya somo lao. Tulimwambia kwamba sababu hizo ni njema, na kwamba lau zingaliandikwa mlangoni kabla ya rafu kuondolewa, mkutano huu ungalikuwa na hoja moja pungufu. Alikubali kwamba tangazo lilipasa kuwapo.

Kwa hiyo Kamati yaleta badala ya hoja ile maombi matano, yaandikwe kwa barua ya Chama:

La kwanza, kila kitabu cha Kiswahili kitiwe kibandiko chekundu mgongoni, ili msomaji aone kwa mbali penye lugha yake katika kila rafu. Hili Bibi Mkutubi amekwisha kulikubali, na kazi imeanza.

La pili, pawe na ubao mlangoni, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, unaotaja jambo na namba yake: kilimo 630, ushonaji 646, methali na ngano 398, mashairi na hadithi 896, historia ya Kenya 967.62, na kadhalika. Hili pia limekubaliwa.

La tatu, papatikane rafu moja ndogo karibu na viti, yenye vitabu vya Kiswahili vya kusomwa kwa burudani, vinavyobadilishwa kila mwezi, kwa ajili ya msomaji ambaye haji kutafuta jambo bali huja kusoma. Hapa alisema nafasi ni haba, naye atajibu.

La nne, mabadiliko yoyote makubwa ya siku zijazo yatangazwe mwezi mmoja kabla, na wasomaji waulizwe. Hili alisema si lake peke yake. Ni la ofisi ya kaunti. Basi barua yetu ipelekwe huko vile vile.

La tano, baada ya miezi sita maktaba itazame daftari zake za kuazima, itwambie kama vitabu vya Kiswahili vinaazimwa zaidi au vimepungua kuliko zamani. Kama vimepungua, sisi tutakuwa na hoja yenye miguu. Kama vimezidi, itatupasa tukubali kwamba kijana wa nyuki aliona mbali.

Na ombi la sita si kwa maktaba. Ni kwenu. Maombi haya yote hayatamrudisha yule mzee maktabani kama hapana mtu wa kwenda naye. Kibandiko chekundu hakimshiki mtu mkono. Kamati yaomba wanachama wawili, wenye kujua kutumia ile kompyuta, wajitolee kukaa maktabani kila Jumamosi asubuhi kwa muda wa miezi mitatu, wawaonyeshe wazee na akina mama mahali vitabu vyao vilipo. Kijana wa nyuki amekwisha kuandika jina lake. Yahitajika jina moja zaidi, na daftari liko mezani kwa Karani wa Chama.

Bwana Mwenyekiti, wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba hata kujibu si kushindwa. Maktaba iliyoulizwa ikajibu imekuwa yetu zaidi kuliko ilivyokuwa ilipotuwekea rafu mkono wa kulia na kutuacha hapo. Nawaomba wakati wa kura muinue mikono kuikataa hoja ya kwanza na kuyakubali maombi haya, ili barua iondoke juma hili.